Goti Jipya la Bi Mkasi

Jina la Bi Mkasi halikutokana na ushonaji, lilitokana na ulimi. Ufundi alikuwa nao, hilo hata adui zake hawakatai, lakini mteja aliyenenepa aliambiwa mbele za watu kwamba kitambaa hakijapungua, aliyezidi ni yeye. Nilikuwa nashona kwenye meza ya pili kutoka kwake, kibaraza kimoja, na nilicheka kama wengine. Mara nyingi aliyechekwa alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee.

Huyo mkwe aliletwa pale ajifunze kushona. Alichojifunza ni kufumua. Alipewa kupinda nguo kwa mkono, Bi Mkasi akazishika juu wateja wazione, kisha akamrudishia azifumue zote. Cherehani ya kukanyaga hakuruhusiwa hata kuigusa. Yeye alijibu "Haya, mama," kwa kila kitu, nasi tukamhesabu mpole. Kimya kingi kina mshindo.

Kukanyaga kwa miaka kulimla Bi Mkasi goti la kulia, hadi akawa anashuka ngazi za kibaraza kinyumenyume. Mwanawe akampeleka hospitali. Daktari akasema atamwekea goti jipya, na alimweleza vizuri: la zamani halitolewi lote, watu husema tu. Huchongwa ncha za mifupa zilizolika, zikavishwa kofia za chuma, na katikati huwekwa plastiki ngumu ili mfupa usisage mfupa. Lakini hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ya mgonjwa. Lazima asimame mapema na kukunja goti kila siku, hata kama anaona nyota mchana, kwa sababu kovu la ndani hukaza upesi, na goti lisilokunjwa huganda.

Katika maelezo yote hayo, Bi Mkasi alishika neno moja tu, jipya. Na kwake kitu kipya hakitumiwi, hutunzwa. Makochi yake yalikuwa bado yamevaa nailoni ya dukani, na vikombe vizuri vilizeeka kabatini bila kuonja chai. Basi na goti likaingia humo humo. Alipasuliwa, akarudishwa nyumbani, akalala chali, mto chini ya goti, kitu alichokatazwa waziwazi. Siku za kliniki hakwenda, eti barabara itamtikisia goti. Binti wa mazoezi ya viungo alipofika nyumbani, alitukanwa mpaka akatoka nje.

Binti yule hakuondoka hivi hivi. Alipitia jikoni akamwambia mkwe kwamba mto uondolewe leo na mama alazimishwe kukunja, apende asipende, maana muda ukipita goti halitakunjika tena na cherehani ataiona kwa macho tu. Mkwe alielewa kila neno. Alinisimulia mwenyewe baadaye, huku anatunga uzi kwenye sindano.

Alikwenda chumbani akauondoa mto. Bi Mkasi akafoka, "Rudisha!" Akaurudisha. Kisha akaongeza wa pili.

"Pumzika, mama," alimwambia. "Bado jipya."

Alimwogesha, akamlisha, akamkanda mgongo. Mume akashukuru Mungu kwa kupata mke wa namna ile, na majirani wakamtolea mfano kwa wake zao. Bi Mkasi mwenyewe alilainika, akamruhusu akalie cherehani kwa muda, wateja wasije wakahamia kwangu. Na yule mwanamke alishona vizuri. Iliniuma kuona hivyo.

Miezi kadhaa baadaye, kidonda kikiwa kimepona kitambo, Bi Mkasi alitaka kurudi kazini, goti likakataa. Mwanawe akamrudisha hospitali. Daktari alisema muda wa kumlaza usingizi na kulikunja kwa nguvu umeshapita. Kilichobaki ni kupasua tena, na matumaini ni madogo. Bi Mkasi hakuamini. Aliamuru apelekwe moja kwa moja kibarazani.

Alikaa mbele ya cherehani, na mguu ukatoka upande wa pili wa meza, umenyooka kama ubao wa pasi. Alilisukuma goti kwa mikono miwili, jasho likamtiririka, unyayo haukufika kwenye kanyagio. Alisukuma tena. Kuna mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Bi Mkasi akamgeukia mkwewe.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Mbona hukunilazimisha?"

Mkwe alifikiri kidogo, bila hasira yoyote, na hapo ndipo nilipomwogopa.

"Nani amewahi kukulazimisha kitu?" alisema. "Nipishe, mama. Mteja anasubiri."

Bi Mkasi aliangalia nyuso zetu moja moja, akakuta kila mtu anasubiri kuona atainukaje. Peke yake hakuweza. Mwanawe alimshika makwapa akamvuta, na mkwe akakaa pale kabla kiti hakijapoa.