Kichwa cha Kiazi Hurudi Udongoni

Vita vilipofika Kindu, mama alikuwa na mimba kubwa. Tulikimbilia msitu wa upande wa Kailo, na huko, katika kambi ya Watwa, wenyeji wa msitu waliotupokea, akamzaa ndugu yangu. Maziwa hayakutoka, kwa maana mama alikuwa hajala chakula cha maana tangu tutoke nyumbani. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Niliogopa sana.

Watoto wa kambini walikwenda kuchimba viazi vya pori bila mtu mzima hata mmoja, nami nikawafuata. Mwalimu wangu alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, kibogoyo wa meno ya mbele. Mimi mtoto wa shule nikaanza: hiki kinalika? Juu ya nini unachimba hapa, si pale? Kila kitu nilitaka kujua sababu. Yeye alinipa kijiti chake cha kuchimbia tu, akachuchumaa kunitazama. Nilikasirika, nikadhani ananinyima jibu kwa choyo.

Nikachimba. Nikang'oa kiazi chote, kichwa na shina, nikakiinua kwa majivuno. Wakaangua kicheko! Mmoja akaniigiza, mikono kiunoni, midomo imebenuka: "Juu ya nini? Juu ya nini?" Kibogoyo akakata kichwa cha kiazi pamoja na shina lake, akakirudisha shimoni, akafukia. Kichwa cha pili nilikifukia mwenyewe, na hakuna aliyecheka. Sababu niliijua tulipopita tena pale tukakuta kichwa kimechipua jani changa.

Mama akala, maziwa yakaja. "Sasa lia vizuri, baba," akamwambia mtoto, "maziwa iko." Yule kibogoyo nampenda mpaka leo.

Siku hizi nina bustani ya viazi kama vile huko Alunguli, mjini Kindu, na binti wa ndugu yangu yule aliyezaliwa msituni hushinda kwangu. Maswali yake yanashinda yangu ya zamani. Ulimi huniwasha, maana mimi ni msemaji, lakini humpa kijiti nikanyamaza. Ni kazi kweli.

Juzi baba yake alikuja na pikipiki kumchukua. Akaona viazi vimekomaa, akainama, akang'oa kimoja chote, kichwa na shina. Binti yake akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akakata kile kichwa, akakirudisha shimoni, akafukia.

"Juu ya nini unazika chakula?" ndugu yangu akauliza.

Nikafumbua mdomo, nikaufunga. Mtoto alimpa baba yake kijiti, akachuchumaa kumtazama.