Sadaka Yenye Mpiga Video

Enzi zetu pale Tandale, enyi wenzangu mliocheza rede mpaka adhana ya magharibi ikawatawanya, sadaka ilikuwa na haya. Ilipita uchochoroni imejifunika, ikabisha hodi kwa sauti ndogo. Siku hizi sadaka inakuja na spika.

Nakumbuka Ramadhani za utotoni. Ikifika alasiri mtaa mzima ulinukia tui la nazi: mihogo, magimbi, maharage, na kaimati zikigeuzwa kwenye mafuta huku sisi tumeyazunguka majiko tukimeza mate, na saumu zetu tulizozifungua kila tulipopita bombani. Jirani yetu Bi Mwanahawa, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, hakukosa kutuma sahani kwetu. Aliifunika kwa kawa la ukindu, akampa binti yake Zuhura, pamoja na maneno ya kusema: "Mama anasema leo kazidisha, mumsaidie kula, kisije kikaharibika."

Mama alipokea huku ananung'unika, "Bi Mwanahawa naye, mpaka leo hajui kupima chungu!" Sie watoto tukacheka. Mwaka mmoja alizidisha mwezi mzima, maskini, tukamwona mzembe wa jikoni. Nilishakuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba ule ndio mwaka baba alioachishwa kazi bandarini, na kwetu kulikuwa hakuna cha kuinjika.

Chuoni nako maalimu alitufundisha, bakora mkononi, kwamba ria, yaani kufanya jema ili watu wakuone, ni kama sisimizi mweusi anayetembea juu ya jiwe jeusi usiku wa giza. Tuliitikia kwa kuyumbayumba bila kuelewa kitu. Mungu amrehemu maalimu, hakuwahi kuwaona sisimizi wa leo. Wanatembea mchana kweupe, wamevaa fulana zenye picha zao wenyewe.

Sisimizi mmoja namjua vizuri. Anaitwa Shaabani, tumekua naye mtaa mmoja, na sahani za Bi Mwanahawa kazila mpaka akalamba vidole. Sasa anauza vigae Bunju, na tangu aende Umra anataka aitwe Alhaji. Ukimkumbusha kwamba Umra siyo Hija, anakujibu kuwa nia ni ileile. Ramadhani iliyopita alikuja Tandale na gari lenye bango la uso wake, akigawa unga, mchele na tende. Mlango wa kwanza ukawa wa Bi Mwanahawa, ambaye sasa ni mjane, miguu imemvimba, na Zuhura kaolewa Tanga. Mie nilikuwepo, nimekwenda kumjulia hali.

Alipokabidhiwa mfuko, mama wa watu akavuta khanga usoni.

"Bibi, hiyo khanga shusha kidogo, sura haionekani," akasema kijana wa video, ambaye hata shikamoo hakutoa. "Halafu sema, asante Alhaji."

Nikamvuta Shaabani pembeni. "We Shaabani, huyu si Bi Mwanahawa?"

"Ndiyo maana nimeanza kwake, sista. Kheri ukiificha nani ataiga? Ishu ni kuhamasisha watu."

Bi Mwanahawa akashusha khanga. Akasema asante Alhaji. Akaambiwa arudie, kwa sababu pikipiki ilipita ikaharibu sauti, naye akarudia. Roho iliniuma, na nilimchukia Shaabani pale pale, saumu au si saumu.

Walipoondoka, mfuko ulibaki mlangoni pale pale walipoupigia picha. Bi Mwanahawa aliutazama, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hizo video zenu zinafika mpaka Tanga?"

"Kwa nini, bi mkubwa?"

"Zuhura nilimwambia sina shida. Mumewe hana kazi, watoto bado wadogo. Akijua hali yangu atauza hata cherehani yake aje huku, na cherehani ndiyo inayowalisha."

Nikajishughulisha na kuosha tende nilizokuja nazo.

Tulikuwa tumekaa mkekani tukisubiri adhana simu yake ilipoita. Sauti ya Zuhura niliisikia mpaka nilipokaa. Alikuwa analia. "Mama, kwa nini hukuniambia? Cherehani nimeshampata mtu wa kuinunua, kesho napanda basi." Bi Mwanahawa alijaribu kucheka, akasema mwanangu yale ni maigizo tu, lakini Zuhura alishakata simu.

Enzi zetu njaa ya mtu haikuvuka uchochoro. Siku hizi inafika Tanga kabla jua halijazama, na chini ya video watu wameandika: "Mashallah Alhaji, Mungu akuzidishie."