Mvua Iliyoishia Kisugu

Oyat alikuwa askari wa lango kwenye ghala moja la saruji pale Kisugu, Kampala, lakini kwao Kitgum, kaskazini mwa Uganda, alijulikana kwa kazi nyingine: kuleta habari ya mvua. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu baba yake, aliyekuwa mwanajeshi hapa Kampala. Mvua ya kule kwao ni fupi. Ukingoja uione ndipo upande, mtama unanyauka kabla haujatoa suke. Basi mama yake, Ayaa, hupanda kwenye vumbi. Mvua ikianza Kampala, Oyat anapiga simu, mbegu inafukiwa, na mvua ikifika kaskazini inaikuta chini inaingoja.

Mwaka huu alipiga, wakafukia. Mvua haikufika. Mchwa na ndege walikula walichokula, iliyobaki ikaungua udongoni.

"Limebaki debe moja tu la mbegu," mama alimwambia. "Safari hii uwe na hakika."

Hakika ya mvua ataitoa wapi? Akawa mtu wa kukodolea mawingu macho, na Shamirah, muuza chapati wa pale langoni, akapata la kusema.

"Afande wa mvua! Leo nifunike unga ama niache?"

"Funika tu, dada."

"Ukisema funika, mimi naacha wazi. Si wewe ulizika mbegu ya mama yako?"

Alicheka peke yake. Alipoona uso wa Oyat, akammiminia chai bila kuombwa.

Mchana huo ikashuka mvua ya kupasua mabati. Simu ikaita.

"Huko kunanyesha?" mama aliuliza.

Oyat aliona akilini lile debe likimwagwa vumbini.

"Hapana, mama. Ni jua tu."

"Na hiyo kelele?"

"Lori linamwaga kokoto."

"Haya. Basi hiyo mbegu nitaisaga. Watoto wa dada yako wana njaa."

Simu ikakatika.

Wiki haikuisha, dada yake Apio akapiga. "Kaka, huku inanyesha mpaka basi. Kwa jirani mtama umeanza kuchungulia."

"Mama yuko wapi?"

"Amekaa mlangoni na jembe lake."

"Mpe simu."

Ilichukua muda. Kisha akasikia pumzi yake.

"Mama, nisamehe. Siku ile ilikuwa inanyesha."

"Mwanangu, sauti ya mvua kwenye mabati mimi siijui?"

"Sasa mbona ukasaga?"

"Nilisema, huyu yuko huko, ameiona kwa macho. Labda ameona haina nguvu ya kufika kwetu, anaona vibaya kuniambia. Nikakuamini."

Oyat akamsikia mama akimwambia Apio aingize jembe ndani, lisishike kutu.