Mawe ya Ukuta wa Tatu

Ningali mtoto wa darasa la pili, huko Nkoaranga, niliambiwa kwamba jiwe la ukuta wa shamba halihamishwi. Bibi yangu Elinaja, mama mzaa baba, alilima mteremko mkali uliokatwa kama ngazi. Kulikuwa na kuta saba za mawe, na kila ukuta ulishikilia udongo wa migomba na kahawa. Kuta hizo zilikuwapo kabla Bwana Shamba wa serikali hajaja na kamba zake kutufundisha kontua, yaani matuta ya kukinga maji.

"Ukilitoa jiwe," Bibi alisema, "maji yatalitafuta mpaka yalipate."

Baba yangu mdogo alibatizwa Anaeli. Watu walimwita Fundi. Sitalitumia jina hilo, kwa sababu hakulistahili. Alitaka nyumba ya bati yenye msingi wa mawe, chini tu ya shamba la mama yake, na mawe ya mtoni aliyaona mbali. Siku Bibi alipokwenda sokoni Tengeru, Anaeli aliubomoa ukuta wa tatu kutoka juu. Nilimsaidia. Nilibeba mawe kumi na moja, nikijivuna kwa kila moja.

Bibi alirudi jioni, akatua kapu.

"Anaeli, umeufanya nini ukuta wa baba yako?"

"Mama, mawe yalikuwa yamelala tu pale bure."

"Na meno yangu yamelala tu mdomoni. Utayang'oa?"

Vibarua wa Anaeli walicheka. Bibi hakucheka. Alitazama vumbi mikononi mwangu.

Tangu siku hiyo, kila alipopita mbele ya nyumba ile mpya, alitema mate chini. Mke wa Anaeli alisema mlangoni, kwa sauti ya kusikika, kwamba mchawi amepita. Tulikuwa ukoo mmoja, tukisali kanisa moja, lakini Bibi na akina Anaeli walikaa mabenchi tofauti.

Mawingu ya masika yalipoanza kushuka mlimani, Anaeli aliingiwa na hofu. Kwetu, aliyekosa hupeleka jani la isale kuomba msamaha, na aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa. Akampelekea mama yake jani. Jiwe hakurudisha hata moja. Jani jingine alilichomeka penye pengo la ukuta, kana kwamba mlima nao ni jirani wa kuombwa radhi.

Bibi alilipokea lile la kwanza kwa mikono miwili, kama ilivyo desturi.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Sasa kayaombe na maji."

Mvua ilinyesha siku tatu. Siku ya tatu, mchana, maji yalipita penye pengo, yakauangusha ukuta wa nne, wa tano na zote zilizofuata. Tope na migomba viliingia nyumbani kwa Anaeli hadi usawa wa kitanda, na msingi ukachimbuliwa upande mmoja. Hakufa mtu. Anaeli alisimama kwenye tope akamfokea mama yake:

"Umefurahi sasa?"

"Nifurahie nini? Migomba iliyolala chumbani mwako ni yangu."

Hakuna aliyezijenga upya kuta zile. Anaeli alihamia mjini, kata ya Sokon I. Majirani nao waliendelea kuchukua jiwe hapa na jiwe pale, kila mmoja na sababu yake nzuri. Leo mteremko ule ni gema jekundu. Zimebaki kuta mbili za juu, na juma lililopita mjukuu wake Anaeli, Godlisten, alikuja kuziomba azungushie nyumba ya wageni.

"Shikamoo, Babu. Hayo mambo ya maji kutafuta mawe ni ya kizamani. Sisi tutamwaga zege."

Sikuitikia salamu yake. Nilimwonyesha njia ya kutokea.

Huko kwetu kisa hiki husimuliwa kama laana ya mama. Mwalimu wangu wa shule ya kati angekiita mmomonyoko wa udongo. Bibi hakuhitaji neno lolote kati ya hayo. Kila mwaka kabla ya mvua aliyashindilia mawe yale kwa mikono yake, na alijua yalikuwa yamezuia nini.

Anaeli nimemchukia maisha yangu yote, hata baada ya kumzika, na sioni sababu ya kuacha. Lakini yeye alipeleka jani. Mimi niliyebeba mawe kumi na moja niliishi na Bibi miaka mingine tisa, isale ikiota mpakani hatua chache kutoka mlangoni kwake, na sikumchumia hata jani moja.