Meza ya Koko Sokoni Yeoville

Wiki iliyopita nilishuka teksi Yeoville, Johannesburg, kununua sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, nikakuta yanauzwa yakiwa yamegandishwa kwenye mfuko wa plastiki. Nikanunua, ningefanyaje? Lakini nilisimama pale sokoni kama mjinga, nikitega sikio nisikie kinu.

Enzi zetu, ndugu yangu, mlio wa kinu ndio uliokuwa saa ya soko. Mwaka 2015 nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Bellevue, mtaa wa jirani na soko, chumba kimoja katika nyumba kuukuu iliyogawanywagawanywa. Mama akisuka watu nywele, na koko, yaani bibi yangu mzaa mama aliyetuleta kutoka Kongo, akiuza sombe. Wazee walisimulia kwamba mitaa ile zamani ilikuwa ya Wazungu watupu, wenye maduka ya mikate na mikahawa yao. Wao wakahama, Afrika nzima ikahamia. Kwangu haikuwa sehemu ya Johannesburg hata kidogo. Ilikuwa mji mdogo wenye soko lake, umbea wake na wakubwa wake. Samaki wakavu walinuka hadi kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, magari yakisubiri huku madereva wameziba pua. Mtanzania muuza vitenge alimtania kila mtu, ila ole wako umtanie yeye.

Meza ya jirani ilikuwa ya bibi wa Kizulu aliyechoma mahindi. Soko zima lilimwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu. Hakujua Kiswahili, koko hakujua Kizulu, na walipiga soga kutwa nzima. Walielewana vipi, mpaka leo sijui.

Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa matabishi, ile nyongeza ya mnunuzi. Koko aliamini mkono wa mtoto una baraka, kwa hiyo yeye akishapima, mimi ndiye niliyeongeza konzi moja juu. "Tia, mutoto, usifinye mukono," alikuwa akiniambia. Watu walirudi kwa ajili ya konzi ile, nami kichwa kikanivimba.

Mwaka 2019 zikaja siku za kuwawinda wageni. Alasiri moja tulisikia kelele kutoka chini ya barabara, meza zikafungwa chapuchapu. Koko akagoma kuyaacha majani yake kinuni. Vijana watatu wenye fimbo wakatufikia. Mimi nilikuwa nimevaa sare ya shule, na Kizulu changu kilikuwa safi kuliko Kiswahili changu. Mmoja wao akaniuliza, wala si kwa ukali, kama yule mzee ni wa kwetu.

"Angimazi," nikasema. Simjui.

Nikasogea upande wa mahindi. Gogo alinitazama, kisha akainuka, akamshika koko mkono na kuwaambia wale vijana kwamba huyu ni mdogo wake, na wao warudi kwa mama zao. Wakakipiga kinu teke, wakaenda. Koko akapiga magoti kuokota majani. Kizulu hakujua, lakini neno lile alilijua.

Njiani aliniambia, "Ulifanya muzuri. Siku ingine fanya vile vile." Hakuwa akinisuta. Alimaanisha, na hilo ndilo linaloniuma. Tangu siku ile alinikataza kuja mezani. Tukikutana barabarani alinipita kama mtu baki. Chumbani alinikumbatia, akanisuka, akanicheka. Nje nilikuwa mtoto wa watu. Nami, Mungu anisamehe, nilipata nafuu.

Mwaka haujaisha, akaamua kurudi kwao Uvira, Kongo. Tulimsindikiza Park Station, kwenye basi la Lusaka. Kutoka huko angejitafutia njia. Asubuhi chumbani alikuwa ameniombea, mkono wake kichwani pangu. Pale kituoni alimuaga mama kwa machozi, lakini kwangu hakugeuka, maana watu walikuwa wengi. Alipanda ngazi taratibu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sauti ya kutosha. Ningeita "Koko!" mara moja tu, angegeuka. Nikaangalia kwanza ni nani yuko karibu, nani atasikia. Mlango ukafungwa.

Alifariki mwaka uliofuata. Gogo naye hayupo. Mezani pa koko sasa wanauza chaja za simu. Watu husikitika kwamba soko lile limepoteza uhai, nami huitikia tu. Ninayemlilia mimi ni mwanamke aliyekubali kuwa si wangu ili nibaki salama, na sikuwahi kusema, mbele ya mtu yeyote, kwamba namjua.