Kahawia Ndani ya Shina

Mche wa kwanza uliinamisha majani Jumatatu mchana, jua likiwaka vikali baada ya mvua ya mawe ya jana yake. Nikasema ni kiu. Jioni ukasimama tena, nikajipongeza. Jumanne ukainama na jioni haukusimama. Jumatano ulikuwa umekufa, majani yote bado yananing'inia juu yake kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana asiyenijua atadhani nilikuwa mkulima wa kubahatisha. Nilitoka Tanga na darasa la nne na mikono miwili. Leo ukipita mitaa ya Turffontein, huku kwenye jiji la machimbo ya dhahabu, mageti unayoyaona yamesimama wima bila kulegea bawaba, mengi nimeyachomelea mimi. Nyumba ni yangu, karakana ya nyuma ni yangu, na chumba cha uani nimempangisha fundi cherehani, mama wa Kikongo. Bangi nilianza kuipanda baada ya kuanguka kutoka kwenye paa la mteja, goti likakataa kupona. Sheria ya hapa inamruhusu mtu mzima kuotesha yake nyumbani, mradi isionekane barabarani na asiiuze. Nilipanda minne nyuma ya karakana, tuta lilelile, msimu wa tatu mfululizo. Ilikuwa imenipita kimo, na mimi si mfupi. Upande wote wa kusini wa jiji hakukuwa na miche kama ile, na kila aliyeingia uani nilimwambia hivyo hata kama amekuja kuulizia geti.

Alhamisi mche wa pili ukainama.

Nikaanza kutafuta. Nilifikiria vumbi la machimbo, lile la manjano linalotua mpaka kwenye sahani, lakini vumbi lipo miaka yote. Nilipapasa shina kutoka chini hadi juu nikitafuta tundu la funza na ule unga anaouacha akila. Hakuna. Nilifukua mizizi nikainusa, nikijua mizizi iliyozama maji hulegea na kunuka. Ilikuwa migumu, myeupe. Nikasimama pale na ndoo mkononi, nikiwaza nini kimebadilika. Halafu nikaitazama ndoo.

Bomba lilikuwa limekauka karibu wiki mbili, mtaa mzima ukisubiri lori la maji. Mimi siyo mtu wa kupanga foleni na chupa. Nilinunua mapipa mawili ya bluu kwa jamaa mwenye bakkie, yaani pikapu, aliyekuwa amesimama kando ya robot, taa za barabarani. Kila pipa lilikuwa na karatasi nyeupe imebandikwa, na juu yake umbo la pembe nne limesimama kwa ncha, mistari myekundu, mchoro mweusi katikati. Jamaa alisema ni mapipa ya juisi. Nilivaa miwani, nikaikodolea macho ile karatasi, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika.

Hili sikuwahi kumwambia mtu kabla ya mwaka ule. Kiingereza nakiongea mpaka wenyewe wananyamaza. Kukisoma sijui. Miwani ninayotembea nayo mfukoni haina kazi nyingine; mtu akikupa karatasi, unaipapasa miwani, unasema umechukua ile isiyo yenyewe, naye anakusomea.

Nilibandua karatasi zile, nikaosha mapipa kwa sabuni mara tatu, moja nikaliweka mlangoni pa jikoni, jingine uani la kumwagilia. "Ya juisi," niliwaambia nyumbani.

Sasa, nikiwa na ndoo, niliona kwa mlango ulio wazi binti yangu akichota jagi kwenye pipa la jikoni. Alikuwa na mimba ya miezi saba, ameacha kazi yake ya saluni kule Randburg akaja kupumzika kwetu, na kliniki walikuwa wamemwambia anywe maji kwa wingi. Tangu jana alikuwa akilalamika kichwa. Alijaza glasi, akainywa yote, akajaza nyingine.

Niliogopa mpaka masikio yakaziba. Nilikwenda pale jikoni, nikalisukuma pipa kwa bega, likaanguka, maji yakatapakaa uani mpaka kwenye viatu vyangu.

"Mjusi," nikasema. "Kaingia mjusi."

Mke wangu, aliyelipangia foleni lori la maji kwa saa tatu mpaka mapipa yakajaa, alitoka akatazama maji yakiishia ardhini. "Mjusi mwenyewe yuko wapi, baba watoto?"

"Nimemtupa."

"Umemwona wewe na miwani yako ile?"

Binti yangu akacheka. Mimi sikuweza. Nilimhesabia siku alizokunywa yale maji, zikawa tisa. Nikampelekea maji ya chupa kutoka spaza, kiduka cha mtaani, nikamwambia anywe hayo tu, na sababu yake ikawa ni yule yule mjusi. Usiniulize kwa nini sikusema ukweli palepale. Miaka ishirini na kitu nyumba nzima inajua baba anajua kila kitu.

Ijumaa asubuhi mche wa tatu uliinama, lakini upande mmoja tu, upande wa pili umenyanyua majani kama kawaida. Kwangu huo ulikuwa ushahidi kwamba ni sumu ya maji. Nilikwenda kwenye kopo la vyuma chakavu karakana, nikachakura mpaka nikapata nusu ya karatasi ile, nikaketi nayo. Mchoro ulikuwa wa mkono wa mtu, kitu kinaudondokea. Chini yake herufi ndogondogo. Nilizitambua moja moja. Kuziunganisha zikakataa.

Mpangaji wangu alinikuta hapo. Alikuja na kanyagio la cherehani lililovunjika, nikampa karatasi badala ya kupokea kanyagio. Akaigeuza. Hii ni Kiingereza, akasema, yeye shule alisoma Kifaransa. Akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote, pipa, miche, mjusi, binti. Nilitegemea acheke, maana siku zote ni mimi ninayemcheka yeye. Aliniambia nilete kisu.

Aliung'oa mche uliokufa, akalipasua shina kwa urefu kuanzia usawa wa udongo. Ndani, palipopaswa kuwa peupe, palikuwa na mistari ya kahawia, rangi ya chai ya rangi, inapanda juu. Akaenda kwenye ule ulioinama upande mmoja, akakata vile vile. Kahawia ilikuwa upande ule ule uliolegea. Upande wa pili, safi.

"Unaona, papa? Mishipa imeziba. Maji haiwezi kupanda tena." Kwao, milimani juu ya Uvira, alishaona migomba na nyanya zikifa namna ile. "Bugonjwa iko mu udongo. Ulipanda fasi moja, hapa hapa, miaka tatu."

Halafu akaninyooshea kidole ukutani, kwenye tuta lake la mchicha, yeye anauita lengalenga, ambao mimi nilikuwa nauita majani ya sungura mbele ya wageni. Ulikuwa unamwagiliwa kwa pipa lile lile la uani. Majani mapana, yanang'aa.

"Kama ni sumu ya mu maji, majani ya sungura ingekufa ya kwanza."

Nilikaa chini kwenye udongo. Nilimshukuru, nikaanza kuikunjakunja karatasi niirudishe koponi. Akanishika mkono.

"Binti si muche, papa. Peleka kwa mwenye kujua kusoma."

Binti yangu alikuwa amelala kwenye kochi, miguu juu ya mto. Nikampa.

"Nisomee."

"Miwani iko mfukoni, baba, naiona."

"Sijui kusoma Kiingereza. Sijawahi kujua. Hii ilikuwa kwenye pipa."

Alisoma, midomo ikicheza, kisha akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: ni sabuni ya kuoshea malori, inaunguza ngozi, chombo chake kisiwekwe maji ya kunywa. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika tumbo.

Tulikwenda kliniki na karatasi yenyewe. Nesi aliisoma, akauliza niliosha mapipa mara ngapi, akampima presha, akaweka tumboni kile chombo cha kusikilizia moyo wa mtoto. Kikachelewa kutoa sauti. Nilitazama sakafu. Kisha moyo wa mtoto ukasikika, wa haraka haraka, na nesi akasema kwa leo hauna shida, lakini tusiyaguse tena yale mapipa. Aliposema kwa leo, hofu ikarudi.

Miche yote nimeichoma, hata wa nne uliokuwa bado kijani, kwa sababu nilipoupasua nao ulikuwa umeanza kahawia. Lile tuta halipandwi bangi tena. Goti linauma.

Mjukuu alizaliwa mwezi wa nne. Mzito, sura yangu, wote wanakubali. Siku walipomleta nyumbani niliomba wanipe peke yangu, nikamfungua kitambaa karibu na dirisha, nikamgeuza polepole, vidole, nyayo, mgongo, ndani ya mdomo, nikitafuta rangi yoyote isiyopaswa kuwepo. Mke wangu aliniuliza natafuta nini. Nilimwambia. Akaja akasimama kando yangu, tukamkagua tena pamoja, tangu mwanzo.