Nyasi za Matusi

Nilisikia fyekeo kabla sijamwona mtu. Fyaa, kimya kidogo, fyaa. Ukungu wa Embu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ngazi za bweni asubuhi ile, na sauti ilitoka ndani yake kama ng'ombe anayeng'oa majani katika shamba la jirani. Niliujua mkono ule. Ni mimi niliyeandika jina la mwenyewe katika kitabu cha makosa siku iliyotangulia, kwa mwandiko wangu wa kulaza herufi ambao nilijivunia kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho.

"Shikamoo, kiranja," rafiki yangu akasema kabla sijamfikia. "Umekuja kunipa pole au kunikagua?"

"Nimekuletea kiazi."

"Kiazi cha kutuliza moyo wako, si tumbo langu. Lete basi, kabla hakijapoa."

Alikuwa binti wa wakulima wa Meru, wa kule juu kwenye baridi, mrefu, mwenye ulimi ambao hata mama yake aliuogopa. Alikula amesimama, mvuke wa kiazi ukichanganyika na ukungu, na miguu yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Tulikuwa wasichana sitini katika chuo kidogo cha walimu, Waembu, Wambeere, Watharaka na Wameru. Huko nje hukupiga hatua bila pasi, karatasi ya ruhusa ya serikali. Vijiji vilikuwa vimezungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha, na waliolichimba ni mama zetu. Chuoni jina lako liliitwa ili ujibu swali la hesabu. Nje liliitwa ili upande lori. Baba yake rafiki yangu aliitwa hivyo, naye alikuwa bado kizuizini.

Mkuu wetu, mmisionari mzungu tuliyemwita Bibi Mkuu, alikuwa na sheria mbili alizozipenda kama watoto. Ya kwanza ilihusu mlango wa bwalo. Mlango haubamizwi. Aliyeubamiza alirudishwa, hata kama uji wake unapoa, aufungue na kuufunga tena polepole. Ya pili aliiandika kwa mkono wake na kuibandika ukutani: mtu yeyote wa chuo hiki atakayemtukana mwenzake kwa kabila au kwa rangi atafyeka nyasi siku tatu. Kiranja ndiye aliyeandika makosa hayo kitabuni, na kila Jumamosi, baada ya uji, aliyasoma mbele ya wote, walimu wakiwemo. Kiranja nilikuwa mimi.

Sasa, mwalimu wa bustani. Alikuwa mzungu mnene, mwekundu kwa jua, na sitadanganya, alikuwa anachekesha. Alitupa mbegu za maua tupeleke nyumbani. Na alituita nyani. Nyani, shika jembe. Nyani, maji. Alisema hivyo akicheka, nasi tulicheka, nami nilicheka kwa sauti kuliko wengi, kwa kuwa kiranja hana budi kucheka mwalimu anapotania. Jumatatu ya wiki ile rafiki yangu alipanda kabichi kwa mstari uliopinda.

"Nyani hapana jua panda kabichi!" mwalimu akapiga kelele kwa Kiswahili chake.

Rafiki yangu hakuinua kichwa. Aliiambia kabichi, lakini mstari mzima ulisikia: "Tangu lini nyani akafundishwa kilimo na nguruwe mwekundu?"

Wasichana walicheka hadi ndoo zikamwagika. Mwalimu hakucheka. Jioni Bibi Mkuu aliniita, akaniamuru niandike. Kisha akaongeza jambo jingine: nyasi hazitoshi. Nyakati hizi neno kama hilo ni uchochezi. Angempelekea Bwana DC, mkuu wa wilaya, barua, na Jumamosi, baada ya kitabu kusomwa, msichana angeondoka nayo. Barua ile maana yake ilikuwa kunyang'anywa pasi, kurudishwa kijijini ndani ya handaki, na kupelelezwa kila usiku kama binti wa baba yake. Ualimu ungeishia hapo.

"Nguruwe nimesema mara moja," rafiki yangu akasema pale kwenye ukungu, akipangusa mdomo. "Nyani, yeye amesema mara ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

"Umeziandika?"

"Yeye ni mwalimu!"

"Sheria inasema mwanafunzi?"

Nilimwacha na fyekeo lake. Kisha nikakimbia. Nilikimbia katika ukungu ule nikiteleza, sketi mkononi, nikasukuma mlango wa bwalo, nikasimama mbele ya ukuta nikihema. Mtu yeyote wa chuo hiki. Nilisoma mara tatu. Sijawahi tangu hapo kusoma ukurasa wowote ulionipandisha damu kama karatasi ile yenye madoa ya nzi.

Siku mbili zilizofuata sikumbuki kama nililala au nilikula. Nilifungua ukurasa mpya nikaandika juu yake: Mwalimu wa Bustani. Wasichana walinijia nyuma ya bweni, kwenye kamba za nguo, mmoja mmoja, wakinong'ona.

"Mimi aliniita nyani mara mbili, na mara moja akanipungia ndizi."

"Aliuliza kama kwetu Tharaka tumeshuka mtini."

"Ulicheka?" nilimuuliza huyo.

"Nilicheka, eeh. Ungefanya nini wewe?"

Niliandika yote. Mkono uliniuma. Nilijiona hakimu na jeshi kwa wakati mmoja. Kila neno lililotua kwenye karatasi lilikuwa limekuwepo hewani miaka yote, nasi tulipita katikati yake kama watu wanaopita katikati ya moshi wa jikoni, tukipikicha macho tu.

Ijumaa mchana mpishi wetu alikuja kwenye kamba za nguo, akikausha mikono kwa kanga. Alikuwa mama wa makamo, Mwislamu wa mtaa wa Majengo, Meru, mwenye Kiswahili safi kilichotutia aibu sote.

"Nasikia unaandika waliotukanwa."

"Ndiyo, mama."

"Basi niandike nami, binti yangu."

Nilichovya kalamu kwa furaha. Hata jikoni! "Alikuita nani?"

"Huyo mzungu? Hajanifikia, ananihofia mwiko." Alinitazama bila hasira. "Ni wewe. Wiki iliyopita uliwaambia wenzako chai ya mtumwa haina sukari. Nilikuwa dirishani. Babu yangu aliletwa na misafara ya watumwa, kweli. Lakini mimi nimezaliwa Meru kama baba yako."

Niliona uso wangu ukiwaka. Na kilichonitoka mdomoni, Mungu anisamehe, kilikuwa hiki: "Mama, ilikuwa utani tu."

"Eeh," akasema. "Na yeye hutania."

Akageuka akaenda zake, na nyuma yake shuka zilipepea kwenye kamba. Nilikaa chini kwenye nyasi. Kwa muda nilimchukia. Kisha nikacheka peke yangu, kicheko kilichokaribia kilio, kwa sababu kitu kilikuwa kimenifungukia kwa nguvu. Nilikuwa nimebeba mizani siku mbili nzima na sikuwahi kupanda juu yake. Nilipiga mstari, nikaandika jina langu.

Jumamosi jua lilitoka mapema, na mlima Kirinyaga ukaonekana wote, mweupe kileleni. Bwalo lilinuka uji wa wimbi. Walimu walikaa mbele. Barua ya Bwana DC ilikuwa kwenye meza ya Bibi Mkuu, imefungwa. Rafiki yangu alisimama kando ya ukuta na sanduku lake la bati. Mpishi alikuwa mlangoni mwa jiko.

Nilianza na langu.

"Kiranja. Alimwita mpishi mtumwa."

Bibi Mkuu aliinua macho. Sikumpa nafasi. Nilisoma la rafiki yangu, neno kwa neno, na kicheko kidogo kikapita chini ya meza. Kisha nikageuza ukurasa.

"Mwalimu wa bustani. Nyani, kwenye kabichi. Nyani, kwenye pipa la maji. Nyani, mara mbili, na ndizi…"

Niliwaona wasichana wakinyoosha migongo kila nilipofika neno lao. Yalikuwa kumi na tisa. Nilisoma yote.

"Huu utani!" mwalimu akasema, akimgeukia Bibi Mkuu, uso umemwiva. "Wao najua utani. Wao nacheka!"

"Mimi pia nilidhani ni utani, bwana," nikasema. Nilishangaa jinsi nilivyotulia. "Mama huyu hakucheka."

Bibi Mkuu aliutazama ukuta, kwenye karatasi yake mwenyewe. Aliitazama muda mrefu hivi kwamba nilisikia maji ya vyombo yakitokota jikoni. Nilifikiri angeibandua. Badala yake aliichukua barua, akaichana mara mbili, akaweka vipande mfukoni.

"Adhabu ya kitabu hiki ni nyasi," akasema. "Si barua. Inaanza upya kwa wote: Jumatatu asubuhi, mafyekeo matatu."

Rafiki yangu aliliweka sanduku chini taratibu, kama kwamba ndani kulikuwa na mayai.

Nisimfiche msomaji: Jumatatu hiyo tulifyeka wawili, rafiki yangu na mimi. Fyekeo la tatu liliegemea ukuta siku zote tatu, na hakuna aliyeligusa. Mpishi alituletea chai yenye sukari nyingi mno, nami niliinywa yote. Rafiki yangu alifundisha watoto miaka mingi baadaye. Lakini asubuhi ile bwaloni hatukuwa tukiyajua hayo. Tulichokiona ni mwalimu wa bustani akisimama.

"Mimi?" akasema. "Mimi kata nyasi mbele ya hawa…"

Hakumaliza. Wasichana sitini walikuwa wakilingojea neno lenyewe, nami nilikuwa na kalamu mkononi.

Alipita katikati ya meza kwa hatua nzito, akatoka, akaubamiza mlango hadi vioo vikalia. Sote tuligeuka kumtazama Bibi Mkuu. Alisubiri, uso kuelekea mlangoni, jinsi alivyotusubiri sisi siku zote. Hakurudi mtu. Ndipo akainuka, akatembea peke yake hadi kule, akaufungua mlango, akaufunga tena polepole.